Kuupanda Mlima wa Kilimanjaro

Ukisimama mjini Moshi asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajakusanyika, utauona Mlima wa Kilimanjaro mbele yako wote, tangu mashamba ya chini hata theluji ya juu. Waonekana karibu sana, hata mgeni aweza kudhani ya kuwa akitoka baada ya chai atafika kileleni kabla ya chakula cha jioni. Mgeni huyo amekosea. Kutoka lango la Marangu mpaka kileleni ni safari ya siku nyingi, na si wote waanzao wafikao. Wengine hurudi wakishikwa mikono, wengine hurudi wakibebwa, na wako waliokufa huko huko juu.

Tena, wanaoshindwa si wanyonge peke yao. Vijana wenye nguvu, waliozoea mbio na mpira, wameshindwa na mlima huu. Na wazee waliokwisha kupita umri wa miaka 80 wamefika kileleni wakarudi salama. Je, sababu yake ni nini? Hilo ndilo jambo tutakalolieleza katika somo hili.

1. Mlima na vilele vyake

Kilimanjaro ni mlima wa volkano, yaani mlima uliofanywa na moto utokao ndani ya nchi. Hapo kale sana palikuwa na volkano tatu zilizosimama pamoja: Shira upande wa magharibi, Mawenzi upande wa mashariki, na Kibo katikati. Shira imebomoka, na leo ni uwanda mpana. Mawenzi ina urefu wa meta 5,149 juu ya bahari, nayo ina majabali makali kama meno, hata haipandwi ila na watu waliofundishwa kazi ya kamba. Kibo ndiyo ndefu kuliko zote. Kilele chake kina meta 5,895, yaani futi 19,340, wala hakuna mahali pengine katika Afrika nzima palipo juu kama hapo.

Wachaga wana hadithi juu ya vilele hivi viwili. Husema kwamba Mawenzi alikuwa jirani mvivu, aliyeacha moto wake uzimike, kisha akaenda kwa Kibo kila mara kuomba moto. Mwishowe Kibo alikasirika akampiga kwa mchi, na majeraha yake yaonekana hata leo. Wenye elimu ya mawe wasema kwamba hadithi hii ina ukweli ndani yake. Moto wa Mawenzi ulizimika zamani sana kabla ya moto wa Kibo. Kwa hiyo mvua, upepo na barafu vimepata muda mrefu wa kuila Mawenzi, ilhali Kibo ingali na umbo lake la mviringo. Juu ya Kibo liko shimo kubwa la volkano, lenye upana wa zaidi ya kilometa 2, na ndani yake harufu ya kiberiti yasikika mpaka leo.

2. Weupe ulioitwa baridi

Watu wakaao chini ya mlima walijua tangu kale ya kuwa juu kuna kitu cheupe, lakini wachache walithubutu kukiendea. Tarehe 11 Mei mwaka wa 1848 mmisionari mmoja, Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima kwa mbali, na kilele chake kimefunikwa na weupe. Akamwuliza kiongozi wake, Bwana Kheri, kitu kile ni nini. Watu wa pwani hawakuwa na theluji nchini kwao, basi kiongozi akajibu kwa neno alilokuwa nalo: ni baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, akafahamu mara moja.

Rebmann alisimuliwa pia habari za watu waliotumwa na mfalme wa Uchaga kwenda kuchukua kile kitu cheupe, maana walidhani ni fedha. Lakini fedha ile ilipochukuliwa iligeuka kuwa maji. Na katika watu wale wengi walikufa, na aliyerudi alirudi na mikono na miguu iliyoharibika. Watu wakasema ni kazi ya majini wa mlimani. Leo twajua ya kuwa baridi kali yaweza kuua nyama ya vidole hata ikawa nyeusi na kukatika. Hawakuwa waoga wala wapumbavu watu wale waliouogopa mlima. Waliona kweli watu wakifa, bali sababu yake haikuwa bado imejulikana.

Habari za Rebmann zilipofika Ulaya, wataalamu wengine wa London walikataa kuziamini, wakisema haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta, mahali penye jua kali. Hawakukumbuka kwamba kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi. Kila meta 100 za kupanda, hewa hupoa kwa kadiri ya nusu digrii au zaidi kidogo. Basi siku moja Moshi yaweza kuwa na joto la digrii 30, na usiku wake kileleni maji yote yawe mawe. Mwaka wa 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda kupita meta 4,000, na theluji ikamwangukia. Mwaka wa 1871 mmisionari Charles New aliifikia theluji kwa miguu yake. Hapo shaka ikaisha. Lakini kilele kilikuwa bado hakijafikiwa.

3. Watu wawili waliorudi nyuma

Mtu aliyekifikia kwanza, kwa habari zilizoandikwa, ni Hans Meyer, Mjerumani. Jambo linalotupasa kulijua ni kwamba hakufaulu mara ya kwanza. Mwaka wa 1887 alipanda Kibo mpaka akazuiwa na barafu, akarudi. Mwaka wa 1888 alikuja tena, lakini vita vya Abushiri vilikuwa vimeanza pwani. Akakamatwa, akafungwa minyororo, asiachiliwe ila kwa fedha. Mwaka wa 1889 alikuja mara ya tatu.

Safari hii alikuwa amefikiri sana. Kwanza, alikuja na mwenzake, Ludwig Purtscheller, mwalimu kutoka Austria aliyezoea kupanda milima yenye barafu. Pili, alipatana na Mangi Mareale wa Marangu, wakaweka makambi njiani, na watu wakawa wakipandisha chakula mara kwa mara. Kwa njia hiyo wapandaji waliweza kukaa juu siku nyingi, wala hawakulazimika kushuka kwa sababu ya njaa. Mtu mmoja wa Pangani, jina lake Muini Amani, alikaa nao katika kambi ya juu, katika baridi ambayo mtu wa pwani hajapata kuijua, akiwatunzia moto na chakula. Tukitaja majina ya waliofika kileleni, ni haki tulitaje na jina lake.

Tarehe 3 Oktoba 1889 Meyer na Purtscheller walitoka kambini usiku wa manane. Walipofika kwenye barafu, iliwapasa kukata vidato kwa shoka, kama vile mkwezi akatavyo vidato katika mnazi, kimoja baada ya kimoja. Pumzi ziliwaisha, kila baada ya hatua chache walisimama wakiegemea mashoka yao. Mchana walifika kwenye ukingo wa shimo la Kibo, wakaona ya kuwa mahali palipo juu kuliko pote pako upande wa pili wa ukingo, mbele yao kidogo.

Fikirini jambo hilo. Mtu amesafiri kutoka Ulaya mara tatu, amefungwa minyororo, ametumia mali nyingi, na sasa anakiona kilele kwa macho yake. Walakini nguvu zilikuwa zimekwisha, na mchana ulikuwa umekwenda. Wangaliendelea, usiku ungaliwakuta juu ya barafu. Wakatazamana, wakageuka, wakashuka.

Wakapumzika. Tarehe 5 Oktoba walipanda tena, wakalala katika pango la mawe lililo juu zaidi, ili safari ya kesho iwe fupi. Usiku wakaondoka. Vidato walivyokwisha kukata vilikuwa vingali vikionekana katika barafu, kwa hiyo kazi ya kwanza haikupotea bure. Na siku ya tarehe 6 Oktoba 1889, yapata saa nne na nusu asubuhi, walisimama kileleni. Siku hiyo Purtscheller alitimiza umri wa miaka 40.

Basi, ni kitu gani kilichowamaliza nguvu watu hawa hodari, hata wasiweze kwenda mwendo mfupi uliosalia? Si kazi ya kukata barafu tu. Ni hewa yenyewe.

4. Hewa ya juu

Hewa haionekani, lakini ina uzito. Rundikeni mito kumi ya sufi, mmoja juu ya mwingine, kisha mtazame. Mto wa chini kabisa umebanwa na mito tisa iliyo juu yake, na sufi yake imeshindiliwa. Mto wa juu haukubanwa na kitu, nao umelegea. Hewa nayo ni vivyo hivyo. Hewa ya pwani imebanwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Hewa ya mlimani hubanwa kidogo tu, kwa hiyo imelegea na kuwa nyepesi. Katika kilele cha Kibo hewa imekuwa nusu tu ya hewa ya Mombasa.

Sasa, katika hewa imo oksijeni, ambayo ndiyo mwili huitumia kuunguza chakula na kupata nguvu, kama vile moto unavyohitaji hewa ili uwake. Hewa ikiwa nusu, oksijeni nayo ni nusu. Mtu aliye kileleni avutapo pumzi moja kubwa, apata nusu tu ya kile ambacho pumzi ileile ingalimpa pwani. Yeye ni kama mkulima aliyepewa nusu sahani ya ugali, naye atakiwa kulima shamba zima.

Hewa nyepesi hubadili hata mambo ya jikoni. Pwani maji huchemka yakifika digrii 100 za joto. Kileleni huchemka yapatapo kadiri ya digrii 80. Mpishi aweza kuona maji yakitokota kwa nguvu, na maharagwe yasiive, maana kutokota kwake si kwa joto la kutosha. Kwa sababu hiyo wapishi wa mlimani hupeleka vyakula vinavyoiva upesi.

Je, mwili hauwezi kufanya neno? Waweza, ila hautaki kuharakishwa. Kwanza mtu huvuta pumzi nyingi kuliko desturi, na moyo wake hupiga upesi. Kisha, siku zikipita, mwili huanza kuzidisha chembe nyekundu za damu, ambazo kazi yake ni kuchukua oksijeni na kuipeleka kila mahali mwilini. Kazi hiyo haifanyiki kwa saa moja wala kwa usiku mmoja. Mtu mwenye misuli mikubwa hawezi kuiamuru damu yake ifanye upesi kuliko damu ya mzee. Hapo ndipo nguvu za kijana zinapokosa faida. Tena zaweza kumdhuru, maana miguu yake humfikisha juu kabla damu yake haijawa tayari.

Mwaka wa 1926 Mchungaji Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri, aliona karibu na ukingo wa Kibo maiti ya chui iliyokauka na kuganda. Chui ana nguvu kuliko mtu, na mbio kuliko mtu. Huko juu nguvu zake na mbio zake hazikumfaa kitu.

5. Maradhi ya mlima

Mtu apandaye upesi mno hushikwa na maradhi ya mlima. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu, na kukosa usingizi. Dalili hizi zikiwa ndogo, dawa yake ni kukaa palepale, kupumzika na kunywa maji, wala kutopanda tena mpaka zimekwisha.

Lakini kuna dalili za hatari, na kila apandaye mlima yampasa kuzijua kwa moyo. Ya kwanza ni kukohoa na kuhema hata mtu akiwa amekaa, na pengine kutoa povu kinywani. Maana yake maji yameanza kuingia katika mapafu. Ya pili ni kuyumbayumba kama mlevi, kusema maneno yasiyo na maana, na kusinzia kupita kiasi. Maana yake ubongo umeanza kuvimba. Mtu wa namna hii aweza kufa kabla ya kupambazuka. Dawa kubwa ni moja: ashushwe mara moja, hata kama ni usiku, hata kama mvua inanyesha. Mara nyingi mgonjwa akiisha kushushwa huanza kupata nafuu, kwa sababu amerudishiwa hewa aliyoikosa. Njiani, katika mlima huu, ziko machela zenye gurudumu moja, na wapagazi huzisukuma kwa haraka wakimshusha mgonjwa.

Jambo baya kuliko yote ni kuficha. Mtu husema moyoni, Nimelipa fedha nyingi, wenzangu watanicheka, kesho nitapona. Kiongozi akimwuliza, hujibu kwamba hajambo. Mtu huyu hamdanganyi kiongozi, ajidanganya mwenyewe. Na kwa kuwa ubongo uliokosa oksijeni haufikiri sawasawa, yafaa mpandaji amtii kiongozi wake hata pale anapojiona mzima kabisa.

6. Safari ya siku sita

Ziko njia kadha wa kadha za kupanda Kilimanjaro, kama Machame, Lemosho na Rongai. Tuifuate njia ya Marangu, ambayo ina nyumba za kulala. Hapana ruhusa kwenda bila kiongozi mwenye kibali. Langoni kila mtu huandika jina lake katika kitabu, na mizigo ya wapagazi hupimwa kwa mizani, ili mtu asitwishwe kupita kadiri. Wapagazi hawa hujiita wagumu, na jina hilo wamelistahili. Maana mgeni akiwa anatweta njiani, wao humpita na mizigo kichwani, ili afikapo akute chai tayari.

Siku ya kwanza njia yapita msituni. Miti ni mirefu, imefungwa na kuvu zilizoning'inia kama ndevu, na mbega weusi kwa weupe huruka matawini. Mvua nyingi ya mlima hunyesha hapa, na msitu huu ndio ulishao mito na mifongo, ile mifereji ambayo Wachaga wameichimba tangu zamani kunyweshea vihamba vyao. Kiongozi hutangulia, akienda kwa hatua ndogo ndogo. Mgeni humwona anachelewa. Kiongozi husema maneno mawili tu, nayo atayasema tena mara nyingi: pole pole. Jioni hulala Mandara, mahali penye urefu upatao meta 2,700.

Siku ya pili msitu waisha ghafula, na watu watoka katika nchi ya vichaka na majani mafupi. Hapo iko mimea ya ajabu. Uko mmea mkubwa wa senesio, mrefu kuliko mtu, wenye vichwa vya majani juu. Majani yake yakifa hayaanguki, hubaki yakilizunguka shina kama blanketi. Uko na mmea wa lobelia, ambao jioni hukunja majani yake juu ya moyo wake, na asubuhi huyafungua. Mimea hii imejifunza kuishi mahali ambapo kila mchana ni jua na kila usiku ni baridi. Jioni hulala Horombo, kwenye meta 3,700 hivi.

Siku ya tatu watu wasio na busara huendelea mbele. Wenye busara hukaa. Waganga wa maradhi haya wameweka kanuni: mtu akiisha kupita meta 3,000, kila usiku asilale juu ya mahali pa jana kwa zaidi ya meta 500 au karibu yake. Katika njia ya Marangu nyumba zimepishana kwa meta 1,000. Kwa hiyo ni lazima kuupa mwili siku moja zaidi. Mchana watu hutembea juu kidogo, kisha hurudi kulala palepale Horombo. Wazoefu wana msemo wao: panda juu, lala chini.

Siku ya nne ni jangwa. Kati ya Mawenzi na Kibo uko uwanda mkavu wa mawe na mchanga, nao hauna mti wala kijito. Maji huteka njiani, mahali pa mwisho yapatikanapo, na kuyachukua. Upepo wavuma bila kukoma. Hufika nyumba ya Kibo, meta 4,700 hivi, hula kidogo, na kulala mapema bila kupata usingizi mwingi.

Usiku uleule, yapata saa sita, huamshwa na kuondoka na taa zao. Njia yapanda juu ya changarawe, ikienda huku na huku kama nyoka, na changarawe huteleza, hata mtu akipiga hatua mbili hurudi moja. Sababu moja ya kwenda usiku ni kwamba baridi huigandisha changarawe ikashikana kidogo. Sababu nyingine ni kwamba wapate kushuka mchana, kabla hali ya hewa haijaharibika. Hakuna azungumzaye. Husikika pumzi za watu, na sauti ya kiongozi: pole pole. Wakati huo ndipo kiongozi anapofanya kazi yake kubwa. Humwangalia kila mtu usoni na miguuni. Huuliza jina lake, na leo ni siku gani. Akiona mmoja anayumba, humrudisha, hata akilia, hata akikiona kilele mbele yake.

Walio wazima hufika ukingoni wakati wa mapambazuko. Jua huchomoza nyuma ya Mawenzi, na mawingu yako chini yao kama bahari ya pamba. Kutoka hapo huzunguka ukingo kwa saa moja na nusu au mbili, wakapita karibu na kuta za barafu, mpaka kilele cha Uhuru. Jina hili lilitolewa Tanganyika ilipopata uhuru wake: usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimama hapa akawasha Mwenge na kuisimika bendera mpya.

Barafu ile aliyoikata Meyer kwa shoka haiko tena mahali pale. Tangu mwaka wa 1912 barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya sehemu nane katika kumi, na leo mtu wa njia ya Marangu aweza kufika kileleni bila kukata kidato hata kimoja. Walakini hewa haikubadilika. Ni nyepesi leo kama ilivyokuwa mwaka wa 1889.

7. Kushuka

Kileleni watu hawakai sana. Hufurahi, hupeana mikono, kisha kiongozi huwahimiza kushuka. Siku hiyohiyo hurudi mpaka Horombo, na siku ya sita hushuka mpaka langoni. Wengi wa wanaoumia huumia wakati wa kushuka, maana magoti yamechoka, na moyo umekwisha kusahau hatari. Wahenga walisema, Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mpandaji hajaumaliza mlima mpaka jina lake limeandikwa tena katika kitabu cha langoni.

Sasa twaweza kulijibu lile swali letu la kwanza. Mzee hufika kwa sababu hana mbio za kumdanganya. Hukubali hatua ndogo, hukubali siku ya kukaa, husema kweli anapoulizwa kama kichwa kinamwuma. Kijana mwenye nguvu naye atafika, akikubali mambo hayohayo. Na ikiwa siku hiyo mwili umekataa, akumbuke watu wawili walioiona njia ya kilele mbele yao tarehe 3 Oktoba, wakageuka. Kama wasingalirudi siku ile, wasingalifika siku ya tatu yake. Mlima haukuondoka mahali pake, uliwangoja.

Maswali

1. Kwa nini Mawenzi ina majabali makali, na Kibo ina umbo la mviringo?
2. Bwana Kheri aliita theluji kwa neno gani, na kwa nini?
3. Eleza kwa mfano wa mito ya sufi sababu ya hewa ya mlimani kuwa nyepesi.
4. Kwa nini maharagwe hayaivi upesi juu ya mlima?
5. Taja dalili mbili za hatari, na useme lipasalo kufanywa.
6. Kwa nini wenye busara hulala Horombo siku mbili?
7. Kiongozi amemrudisha rafiki yako usiku wa kupanda kilele, naye analia. Utamwambia nini?